Macho Makubwa Nyuma ya Altare

Rafiki yangu mchoraji wa Tunduma amefariki, na jina lake kwenye msalaba limeandikwa kwa stika. Naanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu siku ya mazishi, na ninyi wasomaji wangu mnajua kwamba nikiwa na hasira sina muda wa salamu. Huyu ni mtu aliyeandika majina ya marehemu wa mji mzima. Ukipita makaburini kwetu ukaona msalaba wenye herufi nyeusi zenye kivuli cha kijivu, zilizoandikwa bila rula na bado zimenyooka, huo ni mkono wake. Ilipofika zamu yake, watu walikwenda kwenye duka la kuchapa mabango, wakasubiri mashine iteme, wakabandika. Jeneza lilikuwa halijashuka kaburini kona moja ya stika ikaanza kubanduka, na shangazi yake alisimama pale akiikandamiza kwa kidole gumba kila upepo ulipoinyanyua. Habari zenyewe nilizipata kwa simu ya mkewe. "Shemeji," alisema, "mwenzako ametutoka." Kisha akaniambia mazishi yatakuwa kijijini kwao, milimani Ileje, juu ya Isongole, na kwamba nije na koti kwa sababu mvua haijaacha kunyesha.

Sitamsafisha kwa kuwa amekufa. Alikuwa mtu wa majivuno, mwepesi wa kugombana, na hakuna kitu alichokichora bila kutia sahihi yake pembeni, hata kama ni mkasi kwenye mlango wa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na kazi yake kubwa ilikuwa kupamba matrela. "Mimi ni mchoraji wa kimataifa," alikuwa akiniambia huku akisafisha brashi kwa mafuta ya taa. "Kazi zangu wanaziona Lusaka, wanaziona Lubumbashi. Wewe gazeti lako linafika wapi? Hapo Vwawa?" Nilikuwa nacheka, na kicheko changu kilimuudhi, kwa sababu yeye hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba kuna mtu mahali fulani katikati ya Kongo aliyesimama nyuma ya lori, akatazama kazi yake, akajiuliza ni nani huyu.

Kuna siku mwenye lori mmoja alimwomba amchoree kitu cha kidini nyuma ya trela, kitu cha kulinda safari. Mwingine angechora msalaba au njiwa akamaliza. Yeye alichora malaika ameshika mizani. Kwenye sahani moja alikaa mtu mdogo, uchi, amekunja mikono anaomba. Chini ya sahani ya pili alining'inia shetani mwembamba, mbavu nje, anaivuta chini kwa siri ili dhambi za yule mtu zionekane nzito kuliko zilivyo. Mwenye lori alipokuja kuchukua chombo chake alishika kichwa. "Fundi, umeniua! Kesho hili lori linapita mizani. Si wale jamaa wataona nawasema wao?" Rafiki yangu akajibu kwamba hiyo siyo mizani ya barabarani, ni mizani ya roho. "Roho gani, fundi! Futa huyo shetani, futa sasa hivi." Dereva, Mzambia mmoja mnene aliyekuwa amelala kivulini chini ya trela, aliinuka akatazama, akacheka mpaka akakohoa, akamshukuru kwa Kibemba. "Natotela, fundi, natotela sana! Mwacheni huyo, bosi. Ndiye ninayemjua kuliko malaika." Hakusikilizwa. Shetani akafutwa, ila mizani ikabaki vilevile, imelala upande mmoja bila kitu cha kuivuta. Lori likaondoka hivyo, na mchoraji wetu alinuna wiki nzima.

Shetani yule hakumtoa kichwani mwake. Alimtoa kwenye kalenda. Kijijini kwao kulikuwa na padre mzee kutoka Ulaya, ambaye ndiye aliyejenga kanisa lililopo, na ndugu zake kila mwaka walimtumia kalenda yenye picha za makanisa ya zamani ya jimbo lao. Mwaka ukiisha, watu walizigombania kwa ajili ya kujalidia madaftari ya watoto. Rafiki yangu, wakati huo kijana aliyeanza kushika brashi, alikwenda kuziomba, akazibandika ukutani kwake na baadaye akahama nazo hadi Tunduma. Ukiingia kibandani ulikuta miezi ya miaka iliyopita imekuzunguka pande zote. Humo ndimo nilimojifunza sanaa ambayo wasomi wanaiita ya Kiromaneski: makanisa yaliyojengwa Ulaya yapata miaka elfu moja iliyopita, yenye matao ya nusu duara, nguzo fupi nene, na kuta nzito kwa sababu zilibeba mapaa ya mawe. Ukuta unaobeba jiwe hauwezi kutobolewa ovyo, kwa hiyo madirisha yalikuwa madogo na ndani kulikuwa na giza. Juu ya milango walichonga hukumu ya mwisho, na shetani na mizani yake. Kwenye ukuta uliopinda nyuma ya altare walichora Kristo amekaa, amekodoa macho, vidole virefu, bila tabasamu. Waliochora wengi hatujui hata majina yao, jambo ambalo rafiki yangu aliliona ni uzembe mkubwa.

Padre yule alilijenga kanisa la Ileje kama lile alilobatiziwa. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha, wakati paa lenyewe ni la bati na halina uzito wa kumsumbua mtu. Hakuna aliyemlazimisha ajenge hivyo. Nadhani hakuweza kuwaza nyumba ya Mungu isiyo na giza. Nyuma ya altare aliacha ukuta mtupu, uliopinda nusu duara, na alipozeeka akaambiwa arudi kwao, alimwita kijana wa kalenda. Kule milimani kila mtu huchangia kanisa kwa kile mkono wake unachokijua. Mwenye shamba hutoa mahindi, mwashi hujenga, na anayejua kushona hushona nguo za altare. Kijana akatoa uchoraji. Alikaa juu ya jukwaa la mianzi kiangazi kizima. Rangi nyekundu alichimba mlimani, nyeusi akaipata kwenye masizi, na buluu aliitumia kidogo kwa sababu ilikuwa ya dukani.

Niliuona ukuta ule kwa macho yangu na nitausimulia vizuri, maana sasa hauonekani tena. Kristo alikaa ndani ya umbo linalofanana na mbegu ya boga, mkono mmoja umeinuka. Pembeni yake walikuwepo wale viumbe wanne wa kitabu cha Ufunuo, mtu, simba, tai na ng'ombe, ila ng'ombe alikuwa wa kwetu, mwenye nundu. Niliingia asubuhi, nikakaa benchi la nyuma, na kwa muda sikuona chochote isipokuwa macho. Yalikuwa makubwa, meupe, yamezungushiwa mstari mweusi mnene, na yalinitazama mimi. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu aliniona nimeduwaa. "Mwanangu, huyo anaona mpaka nilichoficha jikoni," alisema, akaendelea na rozari yake. Nilipomuuliza mchoraji kwa nini macho ni makubwa hivyo, alinijibu kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Si kuna giza mle? Ukichora macho madogo nani atayaona? Mtu wa benchi la mwisho naye ana haki ya kutazamwa." Kwa mara ya kwanza nilisahau majivuno yake yote.

Kisha umeme ukafika. Sisemi umeme ni mbaya. Hata makala hii nimeiandika chini ya taa. Lakini kamati ilifunga taa ndefu nyeupe pande zote mbili za altare, na picha iliyochorwa kwa ajili ya giza ikaamka ikiwa uchi. Macho yaliyokuwa yanakufikia polepole yakawa yanakutumbulia. Mistari ikaonekana minene kupita kiasi, vidole vikawa kama vya mgonjwa. Watoto walianza kucheka misani. Kina mama wa kwaya walilalamika kwamba hawawezi kuimba mtu akiwa amewatolea macho mgongoni. Kanisa likawa linakaribia jubilei, wageni wakubwa wanatarajiwa, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzaliwa wa pale mwenye maduka yake Tunduma, alimfuata mchoraji kibandani. Nilikuwepo. Huyu mwenyekiti si mtu mbaya, naomba mnielewe, maana ninamkasirikia lakini sitamsingizia. "Fundi, hatukudharau," alisema kwa upole. "Ila huyu siyo Yesu tunayemjua. Yesu wetu ana macho ya huruma, ndevu za kahawia, nywele zimelala. Yupo hata kwenye kalenda sebuleni kwangu." Rafiki yangu alitazama kalenda zake ukutani, kisha akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamalizia lile lililomleta: kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa kazi ile kwa kanisa, basi kwa desturi yao ni yeye atakayetoa kazi ya kuifuta, ili isionekane kwamba amevuliwa heshima na mtu mwingine.

Nilitegemea matusi. Mtu aliyenuna wiki nzima kwa shetani mmoja wa trela, kwa ukuta huu angevunja kibanda. Alikubali. Alipanda gari kwenda Isongole, akamalizia mlima kwa bodaboda, na akarudi na chokaa kwenye kucha. Nikamfuata kumpa pole nikamkuta anafurahi, furaha ya mtu aliyeficha kitu mahali pazuri. Aliniambia kwamba padre mzee aliwahi kumsimulia jinsi picha nyingi za kwenye kalenda zilivyofunikwa kwa chokaa na watu wa zamani, ama kwa kuogopa magonjwa ama kwa sababu fasheni ilibadilika, zikakaa humo karne na karne. Halafu akatokea mtu, siku moja, akachubua taratibu, na macho yakafunguka yakiwa mazima. "Walinipa ndoo ya rangi ya mafuta, nikaikataa," alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Nimepaka chokaa. Sikumfuta, mwandishi wangu. Nimemfunika tu. Amelala. Watakuja watu wenye akili kuliko hawa, watamwamsha."

Aliishi kwa tumaini hilo, na nawaambia lilikuwa limebaki peke yake. Mashine za kuchapa zilikuwa zimeingia mjini. Mwenye lori sasa anachagua picha kwenye simu, inachapwa, inabandikwa, anaondoka kabla chai yake haijapoa. Saluni zikahamia kwenye mabango, baa zikafuata, na mchoraji wa kimataifa akabaki na kazi ya kuandika "NYUMBA HII HAIUZWI" kwenye kuta za watu waliogombana na ndugu zao, na majina kwenye misalaba. Hata misalaba ikaanza kupungua. Nilikuwa napita kibandani namkuta amekaa na brashi kavu, anatazama foleni ya malori yenye picha zinazong'aa ambazo hakuna aliyezitia sahihi. Hakuniuliza habari za siasa wala za mpira. Aliniuliza kitu kimoja: "Kule kanisani, hujasikia wamegusa ukuta?" Nami nilimjibu kwamba sijasikia, na ulikuwa ukweli. Kifua kilipombana, mkewe alimrudisha kijijini. Nyumba yao iko chini kidogo ya kanisa, na mtu akipiga nyundo huko juu inasikika mpaka kitandani.

Nilifika siku ya mazishi nimelowa. Misa ilikuwa ndani, na mara tu nilipoingia macho yangu yalikimbilia nyuma ya altare, kwa mazoea. Kulikuwa na marumaru. Marumaru nyeupe zenye mng'ao, kutoka sakafuni hadi juu, na katikati yake bango la plastiki lenye Yesu wa sebuleni. Taa ndefu zilijiangalia kwenye marumaru hizo, na chini yake niliona vichwa vyetu waombolezaji, vidogo, vimepindapinda. Sikusikia mahubiri. Baada ya misa mwenyekiti alinishika mkono, amefurahi kuniona. "Mwandishi, umeona tulivyopapendezesha? Andika na hilo." Nikamuuliza kuhusu lipu ya zamani. Fundi marumaru alikuwa pembeni yake na ndiye aliyejibu, bila kujua anamjibu nani. "Ilitutesa, mzee wangu. Unajua marumaru haishiki kwenye chokaa? Ungekuwa ukuta umepakwa rangi ya mafuta, tungeparuza tu hapa na pale tukabandika. Ila ile chokaa ilikuwa inatoka unga, ikabidi tugonge kwa patasi mpaka tofali."

Naomba msome maneno ya fundi huyo mara nyingine, kama mimi nilivyolazimika kuyasikia kichwani mwangu njia nzima ya kwenda kaburini. Angepaka rangi ya mafuta, picha ingeharibika kwa mbele lakini ingebaki pale nyuma ya marumaru, na labda siku moja mtu angepata njia. Alipaka chokaa ili kuiokoa, na chokaa ndiyo iliyoimaliza. Alipanga kwa werevu wote aliokuwa nao. Alifuata mfano wa watu wa mbali waliokuwa na bahati, akadhani bahati yao ni kanuni.

Kaburini kulikuwa na matope kiasi kwamba waliobeba jeneza walikuwa wakiteleza. Vijana walileta toroli za kifusi wakamwaga kuzunguka shimo, na baada ya udongo kurudi wakamwaga kingine juu, kiwe msingi wa zege. Mwenyekiti aliangalia akaridhika. "Afadhali kimepata kazi," alisema, "kilikuwa kinatusumbua pale mlangoni pa kanisa." Nikainama. Kati ya vipande vya lipu kulikuwa na kimoja, kikubwa kama kiganja, chokaa yake imebanduka kwa mvua. Kilikuwa na weupe, na juu ya weupe mstari mweusi mnene uliopinda. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Nilitaka kukiokota. Mkewe, aliyekuwa amesimama karibu yangu amejifunika khanga mbili, alinishika mkono wa koti. "Kiache, shemeji," alisema. "Kiende naye." Hapo ndipo aliponiambia. Siku walipokuwa wanagonga, marehemu alifungua macho kitandani akamuuliza, wanagonga nini huko? "Nikamwambia wanatengeneza mabenchi. Akasema vizuri, watu wakae, wamsubiri." Alisema hivyo bila kulia, kisha akaanza kulia, nami nikalia, na zege likamwagwa.

Wiki hii sina faraja ya kuwapa. Nimejaribu kuitafuta kwa sababu msomaji ananunua gazeti na anastahili kuondoka na kitu, lakini kila nikishika kalamu naona toroli. Nimerudi na somo moja tu, nalo ni chungu. Sote tuna tabia ya kusema kwamba wakati utahukumu, kwamba watakuja watu watakaoelewa, kwamba kilichofunikwa leo kitafunuliwa kesho. Tunawaambia hivyo wachoraji, waimbaji, wazee wanaojua hadithi za lugha zetu ambazo hatuna nafasi ya kuzisikiliza. Ni njia ya adabu ya kumfukuza mtu. Kama kuna ukuta mbele yenu msiouelewa, na aliyeuchora bado anapumua, nendeni mkamuulize sasa, akiwa na brashi mkononi na majivuno yake yote, kwa sababu hakuna kizazi kingine njiani chenye subira kuliko chetu. Rafiki yangu aliamini watakuja watu. Aliwasubiri ameegemea ukuta wa kalenda zilizopitwa na miezi, akawasubiri kitandani akisikiliza nyundo. Watu aliokuwa akiwasubiri ni sisi, na tulikuja na patasi.